Tunza Muuru, Mti Adimu wa Meru na Embu

Mkulima, huenda katika shamba ulilogawiwa pana mti mmoja mkubwa wenye majani mapana, kila jani likiwa na vijani 5 vilivyotanda kama vidole vya mkono, navyo vina malaika ya rangi ya kahawia upande wa chini. Ukiwa nao, una mali. Mti huo ni muuru, na Waingereza waliuita mwoki wa Meru. Lakini si mwoki hata kidogo. Ndugu zake ni mfudu wa pwani na msaji, ule mti wa mbao mashuhuri wa Asia.

Muuru ni mti wa Kenya, na kwao hasa ni miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, yaani nchi ya Meru, Chuka na Embu. Mbao zake ni za rangi ya kahawia iliyoingia kijivu, nazo hupendwa sana na maseremala kwa meza, vitanda na makabati. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Ulikatwa pasipo kupandwa mwingine, na leo umo katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulipochunguzwa kwa ndege, ilionekana jinsi miti ya asili ilivyokuwa ikikatwa kwa wizi kila upande. Msitu peke yake hautaweza kuuokoa mti huu. Mashamba yetu lazima yasaidie.

Mahali panapoufaa

Muuru hupenda mwinuko wa mita 1,300 hadi 2,100, mvua ya kutosha na udongo mzito wenye rutuba. Kwa hiyo wakulima wa Nkubu, Chuka, Runyenjes na Manyatta wanaweza kuupanda bila wasiwasi. Tharaka na Mwea ni chini mno na joto lake ni kali. Sehemu za juu za Timau zina baridi na ukavu usioufaa. Wakulima wa huko na wachague mti mwingine.

Kupata mbegu

Chagua mti mama ulionyooka, mrefu, wenye afya. Usichukue mbegu za mti uliopinda kwa sababu tu uko karibu na nyumba, kwani mtoto hufuata mzazi. Okota matunda meusi yaliyoiva na kuanguka. Yaloweke majini, yasugue mpaka nyama yote itoke, kisha anika kokwa kivulini.

Panda kokwa hizo katika kitalu chenye udongo laini uliochanganywa na mchanga. Funika kwa udongo kidogo, weka kivuli cha nyasi, na umwagilie maji kila siku. Hapa wengi hushindwa. Kokwa za muuru ni ngumu na hazioti kwa pamoja. Nyingine huweza kukaa hata miezi 3. Usivunje kitalu chako mapema ukidhani mbegu zimekufa.

Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, uhamishe katika mfuko wa miche. Miche iliyojiotea chini ya mti wa shambani mwako yaweza pia kung'olewa siku ya mvua pamoja na udongo wake. Usiing'oe katika msitu wa serikali bila ruhusa.

Kupanda na kutunza

Katika Meru na Embu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, basi panda mara ardhi ilowapo. Wiki chache kabla ya hapo punguza maji na kivuli ili miche izoee jua. Chimba shimo la sentimita 45 kwa upana na kina, rudisha udongo wa juu kwanza ukiuchanganya na samadi iliyooza. Ukipanda mpakani, acha mita 4 au 5 kati ya mti na mti.

Muuru mchanga huvumilia kivuli chepesi, kwa hiyo waweza kuanzia kati ya migomba. Lakini hauvumilii magugu wala meno ya mbuzi. Palilia pande zote na uweke boma la miiba.

Muuru hupenda kutoa matawi ya chini na kugawanyika panda. Tumia msumeno, ukate karibu na shina wakati wa kiangazi. Usikate kwa panga na kuacha kisiki cha tawi, maana uozo huingilia hapo na kuharibu mbao. Machipukizi yatokeayo shinani yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Majani yaangukayo yaache yawe matandazo.

Faida ya kungoja

Mwanzoni muuru hukua polepole kuliko mgrevilea. Basi panda yote miwili: mgrevilea ukupe kuni na boriti upesi, na muuru uwe akiba ya watoto.

Wako wasemao kwamba ukipanda mti wa asili, serikali itauchukua. Hiyo si kweli. Mti ulioupanda katika ardhi yako ni mali yako. Ila kabla ya kukata na kusafirisha mbao, fika ofisi ya Shirika la Misitu la Kenya uulize vibali vinavyotakiwa.

Tena jihadhari na dalali anayekuja wakati wa karo ya shule, akitaka kununua mti ungali umesimama. Kabla hujakubali, nenda mjini uulize bei ya mbao za muuru kwa futi, kisha umwombe ofisa wa misitu akusaidie kukadiria mti wako utatoa futi ngapi. Na ukiuza mmoja, hakikisha miche mingine imekwisha kushika mizizi.