Motokari Nayo Huchagua Maji

Mama wa nyumba ajua vema kuchagua maji. Ya kunywa huyachemsha na kuyafunika. Ya kufulia huyateka mtoni. Ya kumwagilia mboga hayaulizi yametoka wapi. Lakini radiateri ya motokari ikipungukiwa, watu wengi hutwaa maji ya kwanza wanayoyaona: ya bomba, ya ziwa, ya kisima, hata ya dimbwi lililo kando ya barabara. Husema: "Maji ni maji."

Je, ni kweli? Neno hili lastahili kuchunguzwa, maana kwa jamaa nyingi kamio moja au teksi moja ndiyo shamba lao. Ndiyo inayolipa karo za watoto na kununua unga. Moteri ikifa, nyumba nzima yaona njaa.

Kazi ya maji katika moteri

Ndani ya moteri petroli au mazutu huwaka mara nyingi sana kila dakika, na moto huo waweza kupita nyuzi 2,000 za Celsius. Alumini, ambayo hutumika katika sehemu nyingi za moteri za siku hizi, huyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Mbona basi moteri haiyeyuki? Ni kwa sababu maji huzunguka katika mifereji iliyo karibu na moto, yakibeba joto na kulipeleka kwenye radiateri. Huko hupita katika vijibomba vyembamba, upepo ukayapoza, kisha hurudi kuanza safari upya. Moteri yenye afya hufanya kazi penye nyuzi 90 hivi.

Mwaka 1900 Mjerumani Wilhelm Maybach aliitengenezea motokari ya Mercedes radiateri yenye vijibomba 8,070, iliyofanana na sega la nyuki. Kwa ufundi huo lita 9 za maji zilitosha kuipoza moteri yake. Tangu siku hizo kanuni haikubadilika: njia ziwe nyingi, tena ziwe nyembamba. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa njia nyembamba huziba upesi.

Kilichofichwa katika maji

Maji yapitayo katika udongo na mawe huyeyusha chokaa na chumvi za namna nyingi. Jicho halioni kitu. Maji ni maangavu kama kioo. Lakini lifunue birika la chai lililotumika miezi kadhaa, utazame ndani: utaona ukoko mweupe umeshikamana na chuma. Maji magumu yakipata moto, hewa ya kaboni iliyomo hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda. Yatendekayo katika birika ndiyo yatendekayo katika moteri.

Tena chokaa ni mchukuzi mvivu wa joto. Alumini hupitisha joto mara 100 hivi kuliko chokaa. Kwa hiyo ukoko mwembamba kama ukucha ni blanketi ambalo moteri imevikwa wakati wa jua kali. Shofere hatambui neno, mpaka siku ile mshale wa joto unapoingia katika alama nyekundu.

Maji hayalingani katika nchi yetu. Kila lita ya maji ya Ziwa Kivu ina gramu 1 hivi ya madini yaliyoyeyuka. Ndiyo maana mawe mengi ya ufuoni yamevikwa gamba jeupe. Kule Katanga, karibu na Likasi, kuna mawe ya chokaa ya Kakontwe yanayojulikana sana, na maji yatokayo katika mawe ya namna hiyo ni magumu. Bali mito ya msitu mkubwa, upande wa Kisangani, ina chokaa kidogo sana.

Na maji ya bomba? Ni mema kwa kazi yake. Regideso huyatia klori ili kuua vijidudu vya ugonjwa, lakini klori haiondoi chokaa. Bomba hutupa maji yaliyotayarishwa kwa ajili ya koo la mtu, wala si kwa ajili ya moteri. Kuna na chumvi nyingine, zile za klori, ambazo zikiwa nyingi huila alumini kidogo kidogo, hata ikatoboka.

Mvuke huondoka, chumvi hubaki

Mwenye kamio atauliza: "Nimetia maji ya ziwa mara moja tu, je, nimeiharibu?" La. Mara moja si kitu. Ubaya uko katika kuongeza kila siku. Chukua kamio ambayo kila siku hupoteza lita 2 kwa kuchemka, na kila siku huongezwa lita 2 za maji ya Kivu. Mvuke huondoka mtupu. Madini hubaki ndani. Kwa siku 30 yameingia gramu 60. Kwa mwaka yapita gramu 700. Ni nani angetia kwa mkono wake zaidi ya nusu kilo ya mawe katika moteri yake?

Basi, radiateri inayodai maji kila asubuhi haidai maji tu, yamhitaji fundi. Huenda bomba la mpira limepasuka, au mfuniko umechoka.

Tuseme neno juu ya mfuniko huo. Pwani ya bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini kadiri tunavyopanda mlima, ndivyo yanavyochemka mapema. Penye kimo cha Ziwa Kivu, metre 1,460, huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima huzuia mvuke, kani ikaongezeka ndani, na maji hustahimili nyuzi 20 hivi zaidi kabla ya kuchemka. Fikiri kamio itokayo Uvira na mzigo mzito. Yavuka uwanda wa Ruzizi, yapita Kamanyola, kisha yapanda Ngomo kwa gia ya chini, upepo kidogo, moto mwingi. Shofere aliyeziba radiateri kwa kitambaa mahali pa mfuniko amejinyima msaada huo pale anapouhitaji kuliko popote.

Maji ya kukenekwa

Maji ya kukenekwa, ambayo madukani huitwa maji ya distile, ni mvuke uliokusanywa na kupozwa hata ukawa maji tena. Chokaa na chumvi zimebaki katika chombo cha kwanza. Maji yaliyochujwa madini yote kwa mashine hufaa vile vile. Angalieni, lakini: penye maduka mengine jina la "maji ya betri" hutumika kwa maji haya, na pia kwa asidi ya betri. Asidi haifai kamwe kuingia katika radiateri. Soma karatasi ya chupa, uulize kabla ya kulipa.

Je, maji ya kukenekwa yatosha peke yake? Hayatoshi. Hayaleti ukoko, lakini maji yoyote yakutanayo na chuma na hewa huleta kutu. Kwa hiyo huchanganywa na dawa ya radiateri, ile yenye rangi ya kijani, nyekundu au buluu. Wengi hudhani kwamba dawa hii ni ya nchi za barafu tu. Sivyo. Yazuia kutu, yailinda alumini, tena yapandisha kiasi cha kuchemka. Kipimo cha kawaida ni nusu kwa nusu. Dawa tupu bila maji haifai, maana maji hubeba joto vizuri kuliko dawa. Na ukiichanganya dawa na maji magumu, chokaa yaweza kushindana nayo na kuitupa chini kama matope. Fedha yako imepotea. Fuata kitabu cha motokari juu ya aina ya dawa na muda wa kuibadilisha.

Asiyepata maji ya kukenekwa afanyeje? Mvua ni maji yaliyokenekwa na jua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga katika chombo safi na kuchuja kwa kitambaa. Lakini karibu na Nyiragongo usitegemee njia hii, kwa kuwa moshi wa volkano hutia asidi katika mvua. Maji yaliyochemshwa, yakatulia na kumiminwa polepole, yamepunguziwa chokaa. Ni afadhali kuliko mabichi, ingawa chumvi nyingine zimo bado. Na kama umekwama njiani, tia maji safi yoyote uliyo nayo ufike salama. Lakini ukifika, yamwage, osha mifereji, ujaze upya.

Mambo ya kukumbuka

Usifungue mfuniko moteri ikiwa ya moto. Maji yataruka yenye nguvu na kukuunguza uso na mikono. Ngoja ipoe kabisa. Wala usimimine maji baridi katika moteri iliyochemka: chuma cha moto kikipozwa ghafula chaweza kupasuka.

Dawa ya radiateri mara nyingi ina glikoli ya etilini, ambayo ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto au mbuzi akiikuta aweza kuinywa na kufa. Usiiweke kamwe katika chupa ya limonadi. Iweke katika bidoni yenye alama, mahali pa juu penye kufuli. Ya zamani usiimwage uani wala mferejini. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado aonekana mzima.

Nanyi wanafunzi, jaribuni ninyi wenyewe. Twaeni kioo safi, mkitie mahali mbalimbali tone la maji ya ziwa, tone la bomba, tone la mvua na tone la maji ya kukenekwa. Kiacheni juani. Yakikauka, tazameni doa linalobaki penye kila tone, kisha mwonyesheni baba au kaka aliye shofere.

Hatimaye, mwenye motokari apime mwenyewe. Ataje bei ya bidoni moja ya maji ya kukenekwa na chupa ya dawa. Kisha amwulize fundi bei ya kufungua moteri, kunyoosha kilasi iliyopindika kwa joto na kubadili jwani iliyoungua, akiongeza na siku zote ambazo kamio italala garaji bila kuleta hata kikapu cha muhogo. Akiisha kupima hivyo, hatasema tena kwamba maji ni maji.