Klimatizeri ya kamioneti: kabla ya kulipa gazi, uliza imetokea wapi



Wengine mtacheka: Kibumba na baridi yake yote, klimatizeri ya nini? Hata sisi tulicheka. Lakini muulizeni shoferi anayepakia mashu na karoti saa kumi ya usiku ili awahi soko la Goma. Watu watatu wamebanana mbele, nguo zimelowa mvua, nje ukungu umeshuka barabarani. Dakika chache tu, kioo cha mbele kinashika mvuke kwa ndani. Anakifuta kwa mkono huku pikipiki zisizo na taa zinapanda upande wake.

Hapo klimatizeri ina kazi ambayo wengi hatukuijua: inakausha hewa. Iwashe pamoja na hewa ya moto, elekeza hewa kwenye kioo, uache hewa ya nje iingie badala ya kuzungusha ileile ya ndani. Kioo kinafunguka mbio.

Ya kamioneti yetu ilipokufa, fundi alisema "gazi imeisha." Tukalipa. Wiki tatu baadaye, hakuna kitu. Tukaenda garaji nyingine, gazi tena, pesa tena. Swali moja rahisi hatukuuliza: hiyo gazi imeenda wapi?

Maana gazi ya klimatizeri haiishi kama mazutu. Haiunguzwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, inatoa joto lake kwenye kondensa iliyo mbele ya radiata, kisha inapoa sana nyuma ya dashibodi, na hewa inayopita pale inapoa na kuacha unyevu wake. (Yale maji safi yanayodondoka chini ya gari ni unyevu huo. Si ubovu, msiogope.) Kama gazi imepungua, karibu kila mara kuna mahali inapovuja, na kuijaza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye ndoo yenye tundu.

Kuna mambo ambayo shoferi anaweza kuangalia mwenyewe, bila kufungua bomba lolote.

Kwanza, upepo wenyewe. Ukitoka kidogo hata ukiweka nguvu yote, tafuta kichujio cha hewa. Kwa magari mengi kiko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kwa vumbi letu la mawe ya volkano, kinaziba upesi. Hapo gazi haina kosa.

Upepo una nguvu lakini si baridi? Fungua kapo, mota ikizunguka, mwenzako abonyeze kitufe. Kwa magari mengi utasikia "ta!" na sahani ya mbele ya kompresa itaanza kuzunguka. Isipozunguka, angalia fizibli kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Ikiwa fizibli ni nzima, pengine gazi imepungua, na gari linazuia kompresa kwa makusudi. Mafuta yanayoilainisha yanasafiri pamoja na gazi, ikizunguka bila hayo inakufa. Kwa hiyo fundi akitaka kuunganisha waya moja kwa moja ili izunguke kwa lazima, mkataeni.

Ikizunguka, gusa mabomba kwa uangalifu, mbali na mkanda na feni. Lile nene liwe baridi, lile jembamba liwe la moto. Yakiwa na joto sawasawa, gazi ni kidogo au kompresa imechoka. Na ikiwa baridi inakuja gari likitembea, halafu inapotea likisimama kwenye bariere, shuku feni, au kondensa iliyojaa matope. Ioshe kwa maji ya polepole. Maji ya nguvu yanakunja vile vibati vyembamba.

Uvujaji nao unaacha alama. Gazi ikitoka inatoka na mafuta, vumbi linanata, unaona doa jeusi lenye unyevu. Tazama kwenye viungo vya mabomba, kwenye kondensa ambayo mawe ya barabara huipiga, na mbele ya kompresa. Doa letu lilikuwa mbele ya kompresa: ile mpira inayozuia gazi kwenye mhimili ilikuwa imekauka. Tulikuwa tumeacha klimatizeri miezi mingi bila kuiwasha, kwa sababu ya baridi ile tuliyoichekea, na mafuta hayakufika pale.

Kwenye garaji, dai mambo haya: atafute tundu na kulitengeneza, avute hewa yote kwa pampu kwa nusu saa angalau, kisha apime gazi kwa gramu kulingana na karatasi iliyobandikwa chini ya kapo. Magari mengi ya tangu katikati ya miaka ya 1990 yanatumia R-134a. Ya zamani yalitumia R-12, ambayo iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu ozoni. Hazichanganywi. Gazi ya kupikia usikubali kabisa, inawaka moto. Na msifungue kiungo wenyewe: gazi ikitoka inagandisha ngozi, ikigusa jicho inaweza kulipofusha.

Siku hizi shoferi wetu anaiwasha dakika kumi kila wiki, hata kukiwa baridi. Abiria wananung'unika, anawaambia wajifunike.