Kikalio cha Darubini ya Bunduki Ndogo

Bunduki ndogo ya .22 yajulikana na watu wengi. Kiasi chake, kiitwacho .22 Long Rifle, kilitengenezwa kwanza Marekani mwaka 1887, nayo dawa ya kukiwashia haimo katika fataki ya katikati, bali imo ndani ya ukingo wa kitako chake. Huko Marekani na Uingereza bunduki hii hutumika kuwindia sungura na kujifunzia shabaha, na siku hizi wako wapendao kulenga nayo mbali, yadi 200 na hata 300. Wengine katika hao hununua darubini ya bei kubwa, kisha hustaajabu kuona imefika mwisho wa kurekebishwa na risasi ingali yaanguka chini ya shabaha. Kosa aghalabu si la darubini, ni la kile kipande cha chuma kinachoikalisha juu ya bunduki, ambacho hapa tutakiita kikalio.

Yafaa kwanza tujue tabia ya risasi yenyewe. Ile ya kawaida hutoka kasibani kwa mwendo wa futi 1,080 hivi kwa sekunde, mwendo usioufikia ule wa sauti. Kwa hiyo hushuka mapema. Bunduki ikilinganishwa ipige sawasawa kwa yadi 50, kwa yadi 100 risasi itapiga chini inchi 6 au 7, na kwa yadi 200 itapiga chini futi 4 hivi. Mafundi hupima mshuko huu kwa dakika za pembe: digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ni kama inchi moja kwa kila yadi 100. Basi futi 4 kwa yadi 200 ni dakika 24.

Sasa tutazame hesabu ya darubini. Tuseme yaweza kurekebishwa dakika 60 kwa jumla, yaani 30 juu na 30 chini. Ikikaa juu ya kikalio kilicho sawa, dakika kama 10 zitatumika kwa kuilinganisha kwa yadi 50, maana darubini yakaa juu ya kasiba nayo risasi yashuka. Zimebaki 20, nasi twahitaji 24! Lakini kikalio kilichoinamishwa dakika 20 chaongeza hizo 20 juu ya zilizobaki, zikawa 40. Na zile 30 za chini, ambazo hazikuwa na kazi, ndizo zinazopunguzwa.

Je, kizidi kuinama ndiyo bora? Sivyo. Chukua kikalio cha dakika 50 kwa darubini hiyo hiyo: itakupasa kushuka dakika 40 ili upige yadi 50, nawe unazo 30 tu. Utaweza shabaha ya mbali na kukosa ya karibu. Sisi twashauri mwinamo usipite nusu ya jumla ya dakika za darubini; na kwa wengi 20 zatosha kabisa. Awindaye sungura kwa yadi 50 au 70 hana haja ya mwinamo wowote, na fedha zake heri anunue risasi. Wala asimpige mnyama kwa yadi 200 kwa kuwa kikalio chamruhusu, maana upepo mdogo tu huipeleka kando risasi hii, na mnyama akaenda kufia porini na jeraha.

Katika kufunga, upande mnene hukaa nyuma, karibu na jicho. Katika kikalio cha inchi 6 chenye dakika 20, tofauti ya unene wa pande mbili haifiki milimita moja, basi jicho halitoshi. Tafuta alama ya mshale, au pima kwa kifaa. Akigeuzaye hupoteza dakika 20 badala ya kuzipata. Kipande kimoja kizima ni bora kuliko viwili, kwani viwili vikikaribiana au kuachana kuliko ilivyopimwa, mwinamo hubadilika. Tazama pia kioo cha mbele kisiguse kasiba, kwa sababu sasa kimeinama.

Kisha jaribu kwanza kwa yadi 25, mbele ya kilima cha udongo, maana risasi hii, ijapokuwa ndogo, yaweza kuruka zaidi ya maili moja.