Neno la Mungu Kila Siku Nyumbani

Moto usiochochewa huzimika. Ndivyo ilivyo imani: tuliipokea katika Ubatizo, lakini isipolishwa kila siku hufifia.

Tumtazame Mwenye heri Isidore Bakanja, mwana wa Kongo. Alikuwa kibarua wa uashi, akabatizwa Mbandaka mwaka 1906. Baadaye, akifanya kazi Ikili, mbali na misioni, alisali rozari na kuwafundisha wenzake sala. Mwaka 1909 bwana wa shamba, aliyechukia dini, aliamuru apigwe viboko vikali kwa ajili ya skapulari aliyoivaa. Akateseka miezi 6, akamsamehe mtesi wake, akafa tarehe 15 Agosti. Msamaha wa namna hiyo hauzaliwi kwa siku moja; hutayarishwa na sala ya siku zote.

Nasi tufanyeje? Jioni jamaa yote ikusanyike. Mwanafunzi asome polepole sehemu fupi ya Injili, ili hata wazee wasiojua kusoma walisikie Neno. Tunyamaze kidogo, kila mmoja ajiulize: Bwana aniambia nini leo? Kisha baba au mama aongoze sala ya kushukuru, ya kutubu, na ya kuwaombea wagonjwa, hata na wale waliotukosea. Dakika 10 zatosha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwahimiza waamini wote kuyasoma Maandiko Matakatifu pamoja na kusali.

Tusipoizoea sauti ya Mungu siku za amani, tutaitambuaje siku ya majaribu?