Udi Haupatikani Katika Kila Mti

Nani kati yetu asiyeijua harufu ya udi? Arusini chetezo kikipita, mgeni huinua nguo zake akajifukiza. Na chumba cha mzazi nacho hufukizwa. Lakini ukiuliza udi watoka wapi, wengi watajibu "Bara Hindi" kisha wanyamaze.

Mti wenyewe Wamalay huuita gaharu, na wataalamu huuita Aquilaria. Humea katika misitu ya mvua kuanzia Assam hadi Malaysia na Indonesia. Ajabu yake ni kwamba mti wenye afya hauna udi hata chembe: mbao zake ni nyeupe, nyepesi, hazinukii. Mpaka ujeruhiwe, kuvu iingie jerahani, ndipo utoe utomvu wa kujikinga. Utomvu huo ndio uletao weusi, uzito na harufu. Kipande kilichoshiba huzama majini kama jiwe. Wachina tangu kale wamekitumia kwa maumivu ya tumbo, kutapika na pumzi kubana, na waganga wa Bara Hindi nao wanacho katika dawa zao.

Hapa pana jambo la kusawazishwa. Husikika barazani kwamba huu ndio "udi wa Kihindi" uliotajwa katika hadithi ya Bukhari kuwa una shifaa saba. Sivyo. Mapokezi yenyewe yafafanua kuwa kilichokusudiwa ni al-qust, nao ni mzizi wa mmea wa milima ya Himalaya. Udi wetu ni ule uitwao aluwwa, ambao katika Sahihi Muslim Ibn Umar alijifukiza nao, pengine pamoja na kafuri, akasema ndivyo alivyojifukiza Mtume (S.A.W.). Basi fadhila ya harufu nzuri unayo. Lakini kumfukiza mtoto mwenye kikohozi kwa kutarajia shifaa saba ni kumzidishia moshi.

Msakaji wa udi ni vigumu kujua kwa macho mti upi umebeba, hivyo hukata mingi bure. Mwaka wa 1995 aina mashuhuri ya mti huu ilitiwa katika mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka wa 2004 ikakubaliwa ziingizwe aina zote. Siku hizi hupandwa mashambani, ukatobolewa makusudi.

Kwa hivyo udi halisi ni ghali. Ule wa rahisi mno aghalabu ni vibanzi vya mti mwingine vilivyochovywa mafuta. Omba kimoja kichomwe makaani kabla hujalipa. Ukinusa moshi wa kuni, mrudishie mwenyewe.