Santuri Nne Ambazo Hazikujiuza

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika bidhaa za sokoni huenda maneno hayo yakawa kweli, lakini katika muziki yana walakini mkubwa. Ziko santuri njema, zilizojaa kazi ya mafundi wa nchi yetu ya Tanzania, ambazo hazikujiuza wala hazikupata mtu wa kuzitembeza. Leo, kwa ruhusa ya wasomaji wetu, twaweka kando mambo mengine na kuzitembeza nne. Nazitaja kwa sababu nazipenda, na kwa sababu naamini kwamba mfanyakazi atakayetenga saa moja jioni kuzisikiliza hatajuta.

Yafaa kwanza tujiulize, kitu chema hukosaje wasikilizaji? Kwa miaka mingi muziki wa dansi ulitufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa sahani ndogo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili. Njia ya pili ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi zetu, ikatangaza nyimbo zao, na kuzihifadhi kanda katika maktaba yake. Kiwanda chetu wenyewe cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho, na bendi zilizotaka sahani zilitazama Nairobi. Basi tukazoea kuupenda wimbo mmoja mmoja. Santuri ndefu, ambayo siku hizi watu huiita albamu, yenye nyimbo nane au kumi zilizopangwa zifuatane kama sura za kitabu, haikuingia sana katika nyumba zetu. Wageni walipokuja baadaye wakazikusanya kazi hizo, walizitolea kwao, ng'ambo. Ndiyo maana jina la bendi hujulikana na kila mtu mtaani, lakini santuri yake haijulikani.

Ya kwanza ni "Ngoma Iko Huku", ya Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro. Ilitolewa Ujerumani mwaka 2000 na kampuni ya Dizim, nayo imekusanya nyimbo za kati ya mwaka 1955 na 1965. Tazameni miaka hiyo. Ndani yake umo mwaka 1961, wa Uhuru wa Tanganyika, na mwaka 1964, wa Muungano. Watu waliokuwa wakiidai nchi yao mchana, usiku waliucheza muziki huu.

Asili ya mdundo wenyewe ni Cuba. Sahani za huko, zilizojulikana kwa alama ya GV, zilianza kufika kwetu katika miaka ya 1930, na vijana wa mijini wakazisikiliza hata wakazijua kwa moyo. Lakini Salum Abdallah hakutosheka na kuiga. Aliichukua rumba na chachacha akazivika Kiswahili, hata mtu asiyejua habari za Cuba aweza kudhani kwamba mdundo huo ulizaliwa chini ya milima ya Uluguru. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bendi ikaendelea mikononi mwa Juma Kilaza. Siku hizi jina la Morogoro likitajwa, watu humkumbuka Mbaraka Mwinshehe, na hiyo ni haki yake. Walakini kabla nyota ya Mbaraka haijapanda, mji ule ulikuwa na Salum. Atakayeisikiliza santuri hii asitazamie sauti nene ya mitambo ya leo. Asikilize jinsi magitaa yanavyopokezana kwa adabu, pasipo hata moja kulipigia kelele jingine.

Ya pili ni "Sikinde", ya Mlimani Park Orchestra, iliyotolewa Marekani katika miaka ya 1990 na kampuni ndogo ya Africassette ya mji wa Detroit. Nyimbo zake zilirekodiwa Dar es Salaam na Radio Tanzania katika miaka ya 1980. Santuri hii yawahusu wafanyakazi kuliko zote, maana historia yake haitengani na historia yao. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, kama karani au dereva. Kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa na bendi, kadhalika Polisi, na Umoja wa Vijana. Mwaka 1978 baadhi ya mafundi wa bendi ya chama cha wafanyakazi, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, walitoka wakajiunga katika Mlimani Park; na mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na shirika la maendeleo la mji wa Dar es Salaam, DDC. Jina la Sikinde lenyewe ni la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji.

Mwenye kuusikia wimbo mmoja wa Sikinde redioni huyasikia maneno yake, akacheka au akahuzunika, kisha akaendelea na kazi yake. Mwenye kuisikiliza santuri nzima huona jambo jingine, nalo ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Kwanza waimbaji husimulia kisa polepole, na magitaa hutembea nyuma yao kama watu wanaosindikizana. Kisha huja chemko, ambapo tarumbeta na saksafoni hushika njia na wachezaji hawakai tena. Katika wimbo wa kwanza mtu aweza kudhani mambo hayo yametokea tu. Afikapo wa tano hutambua kwamba ndiyo desturi ya karakana, na kwamba kila fundi ajua mahali pake na saa yake. Michael Enoch, ambaye watu walimpa jina la King, alikuwa mmoja wa walioijenga desturi hiyo. Wangapi kati yetu tumecheza kwa jasho la mtu huyu pasipo kulijua jina lake?

Ya tatu ni "Bashraf", ya Culture Musical Club ya Unguja, iliyotolewa na kampuni ile ile ya Dizim mwaka 2000. Klabu hii ilianza mwaka 1958 miongoni mwa vijana wa Afro-Shirazi, nayo ni moja ya vikundi vikubwa vya taarabu vya Visiwani. Santuri hii haina mwimbaji. Ni vyombo vitupu, toka mwanzo hata mwisho. Hapo ndipo ilipokosea bahati yake, kwa maana sisi Waswahili ni watu wa maneno. Twaenda kwenye taarabu kuyangojea mashairi, na beti likitugusa twainuka kwenda kumtunza mwimbaji. Bashraf, ambayo ni muziki wa kufungulia shughuli, hupigwa wakati watu bado wanatafuta viti na kuamkiana. Vyombo vyasema, nasi twazungumza juu yake.

Lakini yanyamazeni maneno kwa saa moja tu, mtasikia mengi. Kuna kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini, ikilia kama matone ya mvua juu ya maji. Kuna udi unaojibu kwa sauti ya chini, fidla zikienda pamoja kama ndege wa kundi moja, na akordioni, chombo cha Ulaya kilichofundishwa kusema Kiunguja. Hakuna anayejitanguliza. Fundi wa kanuni akitia mapambo yake, wenzake humwachia nafasi, kisha wote hurudi njia moja. Mimi huipiga santuri hii ninapokuwa na kazi ya kuandika, kwa sababu hainipi maneno yake, bali huniacha na yangu.

Ya nne ni "Chibite", ya Hukwe Zawose na jamaa yake Charles Zawose, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Hukwe alikuwa Mgogo, mtoto wa wafugaji wa Dodoma. Alikuja Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kwa mwito wa Mwalimu Nyerere, akaingia katika kikundi cha Taifa, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alifariki mwezi Desemba mwaka 2003.

Kosa tulilomfanyia Hukwe ni la namna ya peke yake. Tulimheshimu pasipo kumsikiliza. Muziki wake tuliuweka pamoja na mambo ya kumpokelea mgeni uwanja wa ndege. Mgeni akishapita kwenye zulia, nasi tumekwisha geuka kwenda zetu. Katika "Chibite" hakuna mgeni wala zulia, kuna mtu na vyombo vyake. Marimba yake ni vijiti vya chuma juu ya sanduku la mbao. Vingine hupigwa kwa vidole gumba, na vingine haviguswi kabisa, bali huitika vyenyewe vikisikia wenzao wakilia. Katika tundu za sanduku hutiwa utando wa buibui, upate kuvuma. Mtu aliyefundishwa kuimba na kinanda cha misheni, kama nilivyofundishwa mimi, kwanza ataona kwamba sauti hizo zimepotoka. Hazikupotoka. Zafuata ngazi nyingine, iliyokuwako Ugogo kabla ya kinanda kufika, na masikio yakitulia yataitambua kuwa ni ngazi iliyo sawa sawa. Juu ya hayo yote yumo Hukwe mwenyewe, ambaye sauti yake hutoka chini kama ya mzee kizimbani mwa ng'ombe, ikapanda hata ikawa nyembamba kama ya mtoto.

Hizo ndizo nne. Huenda msomaji atasema, "Mbona nyimbo za zamani zimo tele katika simu yangu?" Ni kweli, zimo. Lakini mara nyingi zimo kama watu waliopotewa na jamaa zao. Wimbo huja peke yake, mwaka wake haujulikani, na mpigaji hatajwi. Santuri iliyotengenezwa kwa uangalifu ina karatasi yake, na katika karatasi hiyo limeandikwa nani alipiga gitaa, nani alitunga, na lini. Mfanyakazi ajua thamani ya jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Kazi isiyoandikwa jina la aliyeifanya ni kazi ambayo malipo yake yaweza kuchukuliwa na yeyote. Seremala hudai ujira wake kwa kuwa kiti kipo na yeye yupo. Mpiga gitaa akisahauliwa jina, atadai kwa nani, na mjane wake ataonyesha hati gani?

Kwa hiyo natoa shauri dogo. Mwenye uwezo na azinunue santuri hizi kwa njia ya halali, ingawa nyingine zitamtaka kutafuta. Vilabu na matawi ya vyama vya wafanyakazi vyaweza kununua moja moja kwa mchango wa wanachama, wakakutana jioni ya Jumamosi kuisikiliza kwa pamoja, toka wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Na wimbo unapokwisha, mmoja asome kwa sauti majina ya walioupiga. Wengi wao wamekwisha lala, wala hawahitaji tena makofi yetu. Majina yao wayahitaji watoto wao, nasi tu wadeni.