Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Bendi ikiondokewa na mwimbaji, mashabiki humpima mrithi kwa kipimo cha aliyeondoka. Mimi nasema kipimo hicho kina dhuluma ndani yake. Ushahidi wangu ni Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, iliyoweka msingi wa muziki wa roki nzito kwa santuri yake ya kwanza mwaka 1970.

Mwimbaji wa mwanzo alikuwa Ozzy Osbourne. Sauti yake haikuwa pana, lakini ilikuwa kali na yenye majonzi, kama ya mtu anayeomba msaada gizani. Katika wimbo Iron Man analifuata gitaa la Tony Iommi hatua kwa hatua, sauti na nyuzi zikienda kama pacha. Maneno mengi aliandikiwa na mpiga besi, Geezer Butler.

Mwaka 1979 Ozzy alifukuzwa kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya. Akaja Mmarekani, Ronnie James Dio, aliyetoka bendi ya Rainbow. Huyu alipiga tarumbeta tangu utotoni, na mwenyewe alieleza kwamba huko ndiko alikojifunza kuitawala pumzi. Mashairi alitunga mwenyewe. Tena hakulifuata gitaa, bali aliimba juu yake. Sikiliza wimbo Heaven and Hell wa mwaka 1980: beti zikianza, gitaa linampisha na besi ndiyo inayobeba mzigo.

Mpiga gitaa alikuwa yule yule, lakini utunzi ulibadilika kwa sababu koo lilibadilika. Ndiyo maana ukiniuliza nani zaidi, nitakujibu: zaidi kwa wimbo upi? Mpe Dio Iron Man, utaona inampwaya. Mpe Ozzy Heaven and Hell, utaona inambana.

Hata hivyo, mwaka 2006 Black Sabbath ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, waliotajwa ni wale wanne wa mwanzo tu. Dio hakuwamo. Alifariki mwaka 2010. Ozzy naye alifariki Julai 2025, siku 17 baada ya kuwaaga mashabiki jukwaani mjini kwao Birmingham.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akishapona, mgeni asahauliwe.